Chungwa la Oktoba: Soko la Ng'ambo Linapokuwa na Pengo

SOMO LA MKULIMA

Mwezi wa Julai na Agosti machungwa huwa mengi Makueni na Kitui kuliko wanunuzi wake. Barabara ya kuelekea Wote hujaa magunia, magari ya broka husimama kando ya mashamba, na bei hutajwa na aliyekuja na gari. Mkulima hana la kufanya. Chungwa, tofauti na embe au ndizi, haliivi zaidi baada ya kuchumwa. Linaweza kungoja mtini wiki kadhaa, lakini likizidi hapo hukauka ndani na kuanguka. Broka anayajua haya yote kama unavyoyajua wewe.

Ndiyo maana katika mabaraza ya wadi swali huwa lile lile: kwa nini tusiuze ng'ambo wakati ambapo wao hawana? Ni swali zuri, na jibu lake lina sehemu tatu: kalenda, mdudu na kontena. Wengi huanza na kontena. Somo hili litaanza na kalenda.

Kalenda ya wenzetu

Ulaya hula machungwa mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi Mei hivi, Uhispania ndiyo hulisha soko hilo, ikisaidiwa na Moroko na Misri. Joto la kiangazi chao linapoingia, sisi tukiwa kwenye baridi ya Juni na Julai, mashamba ya kusini mwa dunia hushika zamu. Mkubwa wao ni Afrika Kusini, mmoja wa wauzaji wakubwa wa machungwa duniani. Nchi za Ghuba kama Falme za Kiarabu, Saudia na Oman nazo hufuata mpango unaokaribiana na huo: Afrika Kusini katikati ya mwaka, Misri kuanzia Desemba.

Tazama sasa msimu wetu mkubwa unaangukia wapi. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ambayo Afrika Kusini inashusha meli kwa meli. Anayekwambia kwamba Ulaya haina machungwa Julai hajatazama rafu zao. Mkulima wa ekari moja Kathonzweni akitaka kushindana kwa bei na mashamba yale mwezi huo atashindwa, hata tunda lake likiwa tamu zaidi.

Pengo lililopo ni dogo, nalo lipo Oktoba na Novemba. Machungwa ya Afrika Kusini huwa yanaelekea mwisho, ya Misri hayajaanza kwa wingi, na Uhispania ndiyo kwanza inachuma yale ya mapema. Kwa soko la Ghuba pengo hilo huonekana zaidi kuliko Ulaya. Si pengo la kumtajirisha kila mtu. Ni la wiki chache, kwa tunda safi, kutoka kwa watu wachache waliojipanga. Kujipanga huko huanza miezi minane au tisa kabla, wakati mti bado hauna hata ua.

Mti hutoa maua baada ya kiu

Katika nchi za baridi mchungwa huchochewa kutoa maua na majira ya baridi. Huku kwetu kinachouamsha zaidi ni kiu. Mti ukikaa kavu wiki kadhaa kisha ukapata maji mengi, hutoa maua. Kwa kuwa tuna mvua mbili, tuna maua ya mara mbili: yanayofuata mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo kwa Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa, na yanayofuata mvua ya Machi hadi Mei. Kutoka ua hadi tunda la kuchuma ni miezi 7 hadi 10, kutegemea aina ya chungwa na joto la mahali. Hesabu mwenyewe: maua ya Novemba ndiyo machungwa ya Juni hadi Agosti. Mafuriko yale ya Julai yalianza na mvua iliyomnyeshea kila mtu siku moja.

Anayetaka chungwa la Oktoba na Novemba anahitaji maua ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla ya mvua. Na Februari ni mwezi wa jua. Kwa hiyo kazi hii ni ya mtu mwenye maji, awe na silanga, kisima, bwawa la mchanga au shamba kando ya Athi. Asiye na maji asijaribu, atapoteza miti.

Utaratibu ni huu. Kuanzia mwanzo wa Januari, mvua ikishakatika, zuia maji kwenye miti uliyoichagua. Udongo wa kichanga hukauka upesi, na wiki nne zaweza kutosha. Mfinyanzi mweusi huhitaji zaidi. Angalia majani. Yakijikunja mchana na kunyooka usiku, mti una kiu ya kutosha. Yakibaki yamejikunja hata asubuhi, umechelewa, mpe maji siku hiyo hiyo. Kisha mwagilia kwa kina, si kunyunyiza, na uendelee bila kukatiza. Weka mbolea ya boma iliyooza vizuri chini ya kivuli cha mti na ufunike kwa matandazo ya nyasi. Matandazo yasiguse shina.

Hapa ndipo wengi hukosea: hutia kiu mti ambao tayari umebeba matunda ya maua ya Novemba. Mti huo utaangusha matunda machanga, na maua mapya hautatoa ya maana, kwa sababu nguvu zake zimegawanyika. Gawa shamba. Acha sehemu kubwa iendelee na msimu wa kawaida. Kwenye miti ya Oktoba, endelea kuipa maji kiangazi cha Agosti na Septemba ili isipate kiu kabla ya mvua ya vuli. Maua ya Novemba yatapungua, ingawa hayatakwisha, hasa kule juu Mbooni na Kilungu ambako baridi nayo huchochea maua. Vitunda vitakavyotokea vipunguze kwa mkono.

Kabla ya kufunga bomba, piga hesabu ya maji. Tuseme mti mkubwa unapewa lita 300 kwa wiki. Tangu mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Septemba ni wiki 17, yaani lita 5,100 kwa mti mmoja. Miti 40 itataka lita 204,000, sawa na kujaza tangi la lita 10,000 mara ishirini na zaidi. Kama silanga yako hukauka Agosti, miti 40 ni mingi mno. Anza na 10.

Kuhusu aina: Washington Navel huwahi kuiva kuliko Valencia, na zote mbili zaweza kupangiwa kalenda hii, kila moja kwa tarehe zake. Pixie ni jambo lingine. Hukaa mtini muda mrefu, kwa hiyo ukiianzishia maua Februari usiitegemee Oktoba. Pixie yetu ina soko zuri Nairobi katika msimu wake wa kawaida, na kwa maoni yetu haina haja ya kusumbuliwa.

Kuna na suala la rangi. Ngozi ya chungwa hugeuka kuwa ya rangi ya machungwa ikipata usiku wa baridi. Tunda la Julai huipata rangi hiyo, la Oktoba hubaki na ukijani hata likiwa limeiva na tamu. Mnunuzi wa Wote hajali. Mnunuzi wa Dubai anajali sana. Wauzaji wakubwa huondoa ukijani huo kwa gesi ya ethilini katika vyumba maalumu. Kikundi kisicho na chumba hicho kizungumze na mnunuzi kuhusu rangi kabla ya maua, si siku ya kuchuma.

Mdudu ndiye mwenye ufunguo

Tuseme sasa umepata chungwa lako la Oktoba. Mwezi huo huo embe za mapema zinakaribia kuiva, na pamoja nazo anaanza kuongezeka inzi wa matunda. Idadi yake hupanda pamoja na msimu wa embe, hadi Februari na Machi. Dirisha la soko limefunguka palepale mdudu anapoamka, na hili ndilo gumu kuliko yote katika somo hili.

Makueni inaijua hadithi hii. Inzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, mara ya kwanza katika bara zima la Afrika. Kufikia 2014 embe zetu zilizokamatwa Ulaya zikiwa na funza zilikuwa nyingi mno, na Kenya ikasimamisha yenyewe usafirishaji wa embe kwenda Umoja wa Ulaya kabla haijafungiwa. Ilichukua hadi 2021 soko hilo kufunguliwa tena, na kazi iliyolifungua ilihusisha maeneo ya Makueni ambako wakulima walipunguza inzi kijiji kizima, pamoja na kuyapitisha maembe katika maji moto. Miaka saba kwa sababu ya funza wa urefu wa punje ya mchele.

Wengine watauliza: si tumesaini mkataba na Ulaya? Ni kweli, mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na mazao yetu yanaingia bila ushuru. Lakini ushuru na karantini ni vitu viwili. Ushuru uliondolewa kwa kalamu, mdudu haondoki hivyo.

Chungwa lina adui mwingine ambaye embe halimjui sana: nondo ambaye wakulima wa pilipili na maua ya waridi humwita kwa kifupi FCM. Kiwavi wake huingia ndani ya tunda na kuacha kitundu kidogo chenye duara la kahawia. Tunda hilo hubadilika rangi mapema kuliko wenzake na kuanguka. Ulaya hutaka machungwa ya nchi zenye nondo huyu yatoke mahali palipothibitishwa kuwa hana makao, au yapitie matibabu yanayomuua, kwa mfano kukaa katika baridi inayokaribia nyuzi sufuri kwa zaidi ya wiki mbili. Masharti hayo yalipokazwa mwaka 2022 Afrika Kusini, pamoja na mitaji yake yote, ililalamika hadi kwenye Shirika la Biashara Duniani. Malimau na ndimu hayamo katika sharti hilo la nondo, jambo ambalo wenye mashamba madogo ya ndimu wangefaa kulifuatilia kwa afisa wa KEPHIS.

Usafi wa shamba ni kazi ya mwethya

Inzi jike hutoboa ngozi na kutaga ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, funza hula nyama ya tunda wiki moja au zaidi, tunda huanguka, funza hutoka na kujizika kwenye udongo, na siku kumi hivi baadaye inzi mpya hupaa. Katika mzunguko huu wote kuna mahali pamoja tu ambapo mkulima anaweza kumkamata bila gharama: tunda lililoanguka, kabla funza hajatoka.

Okota matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki. Usiyatupe kando ya ua, usiyarundike kwenye shimo la mbolea, na usiwape ng'ombe kesho wakati funza ametoka leo. Yafukie futi mbili kwenda chini na ushindilie udongo, au yatie katika mfuko mweusi wa plastiki mzito, uufunge kabisa na kuuacha juani wiki nzima. Kipo pia kihema cha neti kilichoenezwa na watafiti wa icipe, Kasarani: matunda mabovu huwekwa ndani, inzi wanaoanguliwa hushindwa kupenya matundu ya neti, lakini nyigu wadogo wanaoua inzi hupita na kurudi shambani kuendelea na kazi.

Baada ya usafi ndipo mitego ifuate. Mtego wa methili eugenoli huvuta inzi dume wa aina ile ya Asia. Chambo cha protini huvuta majike pia. Usidhani mtego uliojaa ni dalili ya ushindi, wakati mwingine ni dalili kwamba jirani hajaokota.

Jirani ndiye kiini cha jambo hili. Inzi huruka kutoka shamba hadi shamba. Ukisafisha ekari yako na upande wa pili wa kijito pana mipera na miembe isiyookotwa, umefanya kazi ya bure. Nondo naye hukaa kwenye mapera, pilipili, mibarika hata mahindi. Ndiyo maana tunasema kazi hii ni ya mwethya, kama tulivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga: kijiji chote, siku moja ya wiki, shamba baada ya shamba, pamoja na boma la mjane asiye na nguvu na ploti ya mtu anayeishi Nairobi. Mkaguzi wa afya ya mimea hapimi bidii ya mtu mmoja. Anapima eneo.

Miche na madoa

Madoa meusi ya chungwa husababishwa na kuvu anayeishi kwenye majani makavu yaliyoanguka. Mvua huamsha mbegu zake, nazo hushika tunda changa. Halidhuru mlaji, lakini Ulaya hukataa mzigo kwa ajili yake. Kata matawi makavu, kusanya majani au uyafunike vizuri. Valencia na limau hushikwa kwa urahisi.

Ugonjwa mbaya zaidi huja na miche. Ugonjwa wa griningi hugeuza majani kuwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili, na tunda huwa dogo, limepinda upande na lina uchungu. Hauna tiba, mti hung'olewa. Ule wa Kiafrika hupenda sehemu za baridi, na kwa miaka mingi nyanda zetu za joto zilisalimika. Sasa kijidudu cha Asia kinachoeneza aina inayovumilia joto kimeshaonekana Kenya. Jimbo la Florida, Marekani, liliuona ugonjwa huo mwaka 2005, na tangu hapo limepoteza zaidi ya robo tatu ya mavuno yake. Miche inayouzwa juu ya pikipiki siku ya soko, bila jina la kitalu, ni rahisi siku ya kununua tu. Nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa, uliza shina la chini ni la aina gani, na hakikisha sehemu ya kupandikiza iko juu ya udongo.

Kuhusu dawa tuseme machache. Tumia iliyosajiliwa na PCPB kwa machungwa, heshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko, na uandike tarehe. Mwaka 2013 maharagwe mabichi na njegere za Kenya zilianza kupimwa sana Ulaya kwa sababu ya mabaki ya dawa moja, na wakulima wadogo wengi waliachwa na wanunuzi.

Hesabu ya kontena

Kontena la baridi la futi 40 hubeba zaidi ya tani 20 za machungwa. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 5 kwa 5 ina miti kama 160. Tuseme kila mti unatoa kilo 40: hizo ni tani 6.4. Ondoa matunda madogo, yenye makovu, yaliyotobolewa na yasiyo na rangi. Ikibaki nusu, ni tani 3 na kidogo. Kujaza kontena moja kunataka ekari saba zilizotoa maua wiki moja, za aina moja, zenye usafi mmoja. Hakuna mkulima mdogo wa peke yake atakayefika hapo. Chama cha ushirika kinaweza.

Msafirishaji awe na leseni ya Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, HCD, na mzigo uwe na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS. Uliza uonyeshwe leseni, na kwenye mkataba iandikwe nani anabeba hasara tunda likikataliwa, pamoja na siku ya malipo. Chuma kwa makasi, si kwa kuvuta, umande ukishakauka, kwani ngozi yenye maji ikibanwa hutoa mafuta na kuacha alama. Tumia kreti. Gunia huponda tunda la chini, na kuvu wa kijani humalizia safari. Kutoka Emali au Kibwezi hadi bandari ya Mombasa si mbali, na kutoka hapo Ghuba ni karibu kuliko Ulaya, hasa tangu mwisho wa 2023, meli nyingi za Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogopa Bahari ya Shamu. Kwa hiyo kikundi kinachoanza kitazame Ghuba kwanza.

Na tunda lililobaki, lile lisilo na rangi au dogo mno? Msikate tamaa nalo. Kenya yenyewe hununua machungwa kutoka Tanzania, Misri na Afrika Kusini. Supamaketi ya Nairobi mwezi wa Oktoba huuza chungwa lililovuka bahari, wakati la Makueni liliisha Agosti. Hatuoni aibu kusema kwamba kwa wengi wenu rafu hiyo ndiyo soko la kwanza la kulenga: haina kontena wala matibabu ya baridi, na mbinu ya kiu, maji na usafi ni ile ile. Kikundi kitakachoweza kupeleka Nairobi tunda lisilo na funza Oktoba tatu mfululizo kitakuwa na jambo la kumwonyesha mnunuzi wa Dubai.

Ukitaka kujaribu mwaka huu, tia alama ya rangi miti 10 iliyo karibu na maji. Andika kwenye daftari siku ulipofunga maji, siku ulipofungua, siku ya maua ya kwanza, na siku chungwa la kwanza lilipokuwa tamu. Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi nakala. Tarehe za Kathonzweni hazitakuwa za Kilungu wala za Mulango, na mpaka sasa zinajulikana tu na watu wanaoishi na miti hiyo.